NAMBARI YA MAMA SI TANGAZO LA SOKONI

Mzazi anapokuja kumsajili mwanawe, karani hakosi kumwuliza mambo mawili: ameleta karo kiasi gani, na nambari yake ya simu ni ipi. Karo tunaijadili kila siku, hata leo mchana tumeijadili pale chini ya mti. Nambari ya simu ndiyo hakuna aijadiliye. Huandikwa kwenye daftari, ikanakiliwa kwenye orodha ya darasa, ikaingia kundi la WhatsApp la wazazi, na kutoka hapo hakuna ajuaye imefika wapi.

Mwaka jana, muhula wa pili, orodha ya darasa letu ilipelekwa kutolewa nakala kwa ajili ya mkutano wa wazazi. Ilikuwa na jina la mwanafunzi, nambari yake ya usajili, jina la mzazi na simu. Hazikupita wiki mbili, simu zikaanza. Mpigaji alijiita daktari. "Mama, mwanao ameanguka shuleni, tuko naye hospitalini. Tuma 3,800 za dawa sasa hivi kwa hii namba." Alitaja jina la mtoto, darasa, hata nambari ya usajili. Ungekuwa wewe, ungeshuku? Mama mmoja auzaye omena kule Malaba, kando ya foleni ya malori, alituma. Zilikuwa pesa za kununulia bidhaa za kesho yake. Wakati huo mwanawe alikuwa darasani nasi, buheri wa afya, akichora ramani ya Jiografia.

Wapo waliomcheka mama huyo, eti mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Mimi nakataa kabisa. Mwiba huo hakujidunga. Alidungwa na yule aliyeacha orodha mahali ambapo kila mpita njia angeweza kuisoma.

Hasara haikuishia kwenye omena. Tangu siku hiyo mama yule hapokei simu ya nambari asiyoijua. Muhula uliofuata mwanawe aliugua malaria kwelikweli, akatetemeka kama jani. Mwalimu wa darasa alipiga simu mara tano, ikalia tu. Ikabidi mwanaboda atumwe kutoka Angurai hadi Malaba kumtafuta sokoni. Sasa kuna wazazi wengine wanaoandikisha nambari za uongo makusudi ili wasisumbuliwe. Siku ya dharura, shule itampigia nani?

Tena si matapeli peke yao. Kuna wauzaji wa masomo ya likizo, kuna wenye sare, na wakati wa kura kuna wagombea, wote wakimwandikia mzazi kwa jina lake kana kwamba ni jamaa zao. Hao watasema hawakuiba kitu. Lakini mzazi alitoa nambari ili aambiwe habari za mwanawe basi. Kuitumia kwa jambo jingine pasipo kumwuliza ni kuvunja sheria.

Naam, sheria ipo. Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 kinalinda faragha ya mtu na ya familia yake. Kisha ikaja Sheria ya Ulinzi wa Data ya Novemba 2019, ambayo katika sehemu ya 37 inakataza kutumia habari za mtu kwa biashara bila idhini yake. Jirani zetu wa Uganda walikuwa wametangulia, yao ikatiwa saini Februari mwaka uo huo, kwa hiyo hata mzazi wa ng'ambo ya mpaka, kule Tororo, ana pa kushika.

Wala si sheria ya kuning'inizwa ukutani. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza Shule ya Roma, iliyoko Uthiru, Nairobi, shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Wakati huo huo kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za mikopo za KeCredit na Faircash, ilitozwa 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari ilizopata kwa watu wengine na kuwapelekea wenyewe jumbe za vitisho.

Basi mzazi wako akipigiwa simu ya aina hiyo, asibishane wala asitume hata bob. Akate, apige nambari ya shule au ya mwalimu aliyo nayo tangu zamani, si ile iliyompigia. Ujumbe asiufute, ndio ushahidi. Kama ni laini ya Safaricom, ujumbe wa ulaghai hutumwa kwa 333 bila malipo. Ikiwa pesa zimekwenda kimakosa, ujumbe wa M-Pesa upelekwe 456 mara moja, kwa maana tapeli akishazitoa, kuzirudisha ni kibarua. Malalamiko kwa Kamishna yaweza kuwa ya maandishi au ya mdomo, hata kwa mzazi asiyejua kusoma, na sheria inampa siku 90 kumaliza uchunguzi.

Kwetu nyumbani tumeweka neno la siri. Mtu akisema nimelazwa, mama humwuliza neno hilo. Ni jina la ng'ombe aliyekufa zamani, na sitaliandika hapa!

Darasani nako tumekubaliana na mwalimu wetu kwamba orodha ya wazazi ikae kwenye kabati lenye kufuli, na ya mkutano iwe na majina bila simu. Nakala za mwaka jana zilikuwa sita. Nne zimepatikana. Aliye na mojawapo ya zile mbili, hata kama amefungia nayo kitabu, amrudishie mwalimu wa darasa kabla ya mkutano ujao.