Ritifaa ya Ng'ang'a na Jedwali la Majaribio

Mtu anapoingia katika tovuti ya benki au ya idara ya serikali, akajaza jina lake, tarehe ya kuzaliwa na nambari ya simu, kisha akabonyeza kitufe cha kutuma, aghalabu haimpitikii kwamba fomu ile ile huenda imekwisha kujazwa usiku uliotangulia na programu ya majaribio, kwa majina na tarehe za kila namna, ili ijulikane mapema iwapo jibu linalorudi ndilo linalostahili kurudi. Kazi hiyo ina ala zake, na mashuhuri miongoni mwazo ni Selenium, iliyoanzishwa mwaka 2004 mjini Chicago na Jason Huggins, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya ThoughtWorks, kwa ajili ya kuijaribu programu ya ndani ya kampuni hiyo iliyotumika kuandikisha saa za kazi na gharama. Kuviamuru vivinjari, yaani programu za kufungulia tovuti, kwa njia hii kulishika mizizi hata mwaka 2018 shirika la W3C, linaloweka kaida za wavuti, likaupitisha utaratibu uitwao WebDriver kuwa kiwango rasmi.

Walakini mashine inayojua kujaza haijui ijaze nini. Mwandishi wa programu aliye na haraka huandika jaribio moja kwa jina jepesi, akaliona limepita, akaenda zake. Ama wale waliobobea hutenga mambo mawili: maelekezo huandikwa mara moja tu, yaani fungua ukurasa, andika jina, andika tarehe, bonyeza, soma jibu, na yale yatakayoandikwa hukaa kando, katika faili la CSV, lahajedwali au hifadhidata, ambamo kila mstari ni jaribio kamili lenye maingizo yake na, katika safu ya mwisho, matokeo yanayotarajiwa. Ukitaka jaribio jipya, waongeza mstari bila kuyagusa maelekezo. Na kitufe kikihamishwa ukurasani, yarekebishwa maelekezo peke yake na mistari yote mia yasalimika. Sharti ni kwamba kila mstari uanze katika hali safi na utoe ripoti yake wenyewe, kwani mstari wa tatu ukianguka na kuizuia mistari inayofuata isijaribiwe, faida yote imepotea.

Nami nasadiki kwamba fadhila kuu ya mbinu hii si wepesi wake, bali ni kule kuwafungulia mlango watu wasioandika programu. Mwaka 2002 Ward Cunningham, Mmarekani yule aliyebuni wiki ya kwanza, yaani tovuti ambayo wasomaji wenyewe waweza kuihariri, alitoa mfumo uitwao Fit, ambamo wenye biashara waliandika mifano yao katika majedwali ya kawaida na kompyuta ikaisoma na kuihakiki. Karani wa masjala aliyekaa dirishani miaka mingi ajua ni majina gani hukataliwa na ni tarehe zipi huleta ugomvi, na ilmu hiyo, isipotiwa katika jedwali, hubaki kichwani mwake hata siku ya kustaafu.

Kwamba wataalamu peke yao hawatoshi, limedhihirika zamani. Katika kitabu chake cha mwaka 1979, The Art of Software Testing, Glenford Myers aliwataka wasomaji waorodheshe majaribio ya programu ndogo mno, inayopokea nambari tatu za pande za pembetatu na kusema pembetatu hiyo ni ya jinsi gani. Kisha akawapa maswali 14 ya kujipimia, akieleza kwamba waandishi wa programu wenye uzoefu hupata, kwa wastani, alama 7.8 tu. Ikiwa pembetatu yawashinda nusu, jina la mwanadamu litawashinda kiasi gani?

Tazama ritifaa. Jina la Ng'ang'a, linalojulikana Kenya nzima, linazo ritifaa mbili, na alama hiyo ndiyo ile ile ambayo lugha ya hifadhidata, SQL, huitumia kufungia maneno. Kwa hiyo programu iliyoandikwa kwa uzembe huliona jina limekatika njiani na kumrudishia mwenye nalo ujumbe wa hitilafu, na ufa huo huo ndio ambao wezi wa mtandaoni huingizia amri zao. Programu nyingine, kwa kuogopa wezi, huikataza alama yenyewe, na hivyo kumwadhibu raia kwa jina alilopewa na wazazi wake. Fauka ya hayo, baadhi ya simu huandika ritifaa iliyopinda mahali pa ile iliyonyooka, na kwa kompyuta, hizo ni herufi mbili mbali mbali, hata mtu aliyejiandikisha kwa simu aweza kutafutwa kwa kompyuta ya mezani asionekane. Mistari mitatu ya jedwali yatosha kuyafichua haya yote, lakini ni lazima awepo mtu wa kuiandika.

Jedwali nalo halikosi hila zake. Nambari ya simu inayoanza na sifuri, ikifunguliwa katika Excel bila hadhari, huipoteza sifuri ile, na jaribio likaanguka kwa kosa lisilo la tovuti. Jeni ya binadamu iliyoitwa MARCH1 iligeuzwa na Excel kuwa tarehe mara nyingi mno, hata kamati ya kimataifa ya majina ya jeni ikaibadili kuwa MARCHF1. Kadhalika kivinjari ni kizito. Mistari elfu haifai kupitishwa yote humo, bali iliyo mingi hujaribiwa chini, kwenye kanuni zenyewe za programu, na michache ndiyo ipitie ukurasani.

Safu iliyo ngumu kuliko zote ni ile ya mwisho. Kijana aliyezaliwa tarehe 29 Februari 2004 akijaza fomu inayodai miaka 18, mwaka 2022 usio na tarehe hiyo, akubaliwe tarehe 28 Februari au angoje 1 Machi? Mama mwenye majina mawili, ilhali fomu yadai matatu, akataliwe? Majibu hayamo katika kivinjari wala katika programu. Yamo katika sheria na kanuni za taasisi, na mwandishi asiyeuliza ataandika dhana yake, nayo mashine itaitetea kila usiku kana kwamba ni yakini. Kwa hiyo ningependa kila jedwali la namna hii liwe na safu moja zaidi, isiyosomwa na mashine, ya kuandikia nani aliyeamua matokeo yale, lini, na kwa kanuni gani.