Sura za kukopa katika filamu za historia

Leo tunazungumzia jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa burudani tu, nalo ni filamu za historia na watu wanaopewa kazi ya kuwaigiza wakubwa wa zamani. Mjini Mpanda, kama katika miji mingine ya nchi yetu, wako vijana walioijua historia ya mbali katika vibanda vya video kabla ya kufungua kitabu. Sura waliyoiona huko ndiyo iliyobaki vichwani mwao.

Tuitazame filamu ya Khartoum ya mwaka 1966. Inahusu kuanguka kwa mji huo, Januari 26, 1885, mikononi mwa majeshi ya Muhammad Ahmad, aliyejitangaza kuwa Mahdi. Msudani huyu, mzaliwa wa pande za Dongola, aliigizwa na Mwingereza Laurence Olivier aliyepakwa rangi nyeusi usoni. Filamu inamwonyesha akizungumza ana kwa ana na Jenerali Gordon. Ukweli ni kwamba wawili hao hawakupata kuonana, waliandikiana barua. Gordon alimpa usultani wa Kordofan, Mahdi akaukataa, akamtaka asilimu na kumpelekea vazi la viraka la wafuasi wake.

Aliyemwigiza Gordon ni Mmarekani Charlton Heston. Miaka 10 kabla yake, mwaka 1956, huyohuyo alimwigiza Nabii Musa (A.S.) katika The Ten Commandments. Uso mmoja: hapa Mtume wa Mwenyezi Mungu, pale jenerali wa Uingereza. Ndipo inapodhihiri hekima ya wanazuoni wanaokataza Mitume kuigizwa.

Moustapha Akkad, mzaliwa wa Aleppo, Syria, alilizingatia hilo. Katika The Message ya mwaka 1976, Mtume Muhammad (S.A.W.) haonekani wala sauti yake haisikiki. Hata hivyo Hamza (R.A.) aliigizwa: kwa Kiingereza na Anthony Quinn, mzaliwa wa Mexico, kwa Kiarabu na Mmisri Abdullah Gaith. Quinn akaja kumwigiza Omar Mukhtar wa Libya katika filamu ya mwaka 1981. Hivyo mashujaa wawili, waliotenganishwa na karne 13, wakawa na sura moja machoni pa watazamaji.

Hatusemi filamu zote zitupwe. Surat Al-Hujurat, aya ya 6, inawaamrisha waumini kuihakiki habari inayoletwa na asiyeaminika. Basi mzazi na mwalimu wa madrasa wamuulize kijana alichokiona, kisha wamfungulie kitabu.

Nasi Katavi tunayo historia yetu. Mwaka uleule wa 1885, ngome ya Karema kando ya Ziwa Tanganyika, iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1879, ilikabidhiwa kwa Mapadri Weupe. Wenyeji na watu wa misafara wa zama hizo nao walikuwa na nyuso na majina. Tusipoyaandika wenyewe masimulizi ya wazee wetu, atakuja mwingine kuwachagulia sura.

Wallahu aalam.