Kuisoma Injini ya Gari la Zamani Katika Nyanda za Ufipa

Gari la zamani linaponunuliwa Sumbawanga au kwingineko katika nyanda za juu za Ufipa, iwe ni Land Rover yenye bodi ya alumini au Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 40, ni nadra injini yake kuwa katika hali ileile iliyotoka nayo kiwandani, na sababu yake yafaa itafutwe katika historia kabla ya kutafutwa chini ya boneti. Mkoa wa Rukwa, zilimo nyanda hizo, ulianzishwa mwaka 1974, na katika miaka iliyofuata magari ya aina hizo mbili ndiyo yaliyobeba watumishi wa serikali, wamisionari wa Kanisa Katoliki na wataalamu wa miradi iliyofadhiliwa na NORAD, shirika la misaada la Norway. Lakini baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi iliishiwa fedha za kigeni, spea zikaadimika, na fundi aliyeletewa injini iliyopasuka bloku hakuwa na duka la kukimbilia; alichokipata kwenye gari bovu lililoegeshwa nyuma ya gereji, au kwenye mnada wa magari chakavu, ndicho alichokifunga. Kwa hiyo mabadiliko mengi ambayo mnunuzi wa leo huyaona kuwa uharibifu yalikuwa majibu ya shida halisi, na anayeyang'oa kabla ya kuyaelewa huenda akairudisha shida ambayo fundi wa zamani alikwisha kuitatua.

Uchunguzi huanza kwenye kibati cha chasisi, kwa kuwa Toyota iliweka jina la injini ya asili ndani ya jina la gari lenyewe. Herufi zinazotangulia J ndizo zinazotaja ukoo wa injini: FJ ni gari lililozaliwa na injini ya petroli ya ukoo wa F, BJ ni dizeli ya silinda nne ya ukoo wa B, na HJ ni dizeli ya silinda sita ya ukoo wa H. Namba ya injini nayo, inayogongwa ubavuni mwa bloku, yaani lile pande kubwa la chuma lenye matundu ya silinda, hutanguliwa na jina la injini hiyo, kama vile 2F, 3B au 2H. Basi FJ40 inayokutwa na injini ya 2H imehamishwa kutoka petroli kwenda dizeli, na ikikutwa na 1HZ, injini ya sentimita za ujazo 4,164 iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990, mchunguzi anajua kwamba kazi hiyo haikufanyika kabla ya mwaka huo, hata muuzaji akisema nini. Namba ya injini na ya chasisi hulinganishwa pia na zilizoandikwa kwenye kadi ya gari, kwani injini ikibadilishwa bila kadi kurekebishwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, usumbufu wote humwangukia mmiliki mpya.

Land Rover ni ngumu zaidi kusomeka kwa njia hiyo, maana injini zake mbili zilizoenea, ya petroli na ya dizeli, zote zilikuwa na ujazo wa sentimita 2,286 na mabloku yanayofanana sana kwa umbo. Distributa, inayogawa umeme wa plagi, au pampu ya dizeli ndiyo inayozitofautisha haraka.

Baada ya namba hufuata alama zilizoachwa na mikono ya watu, na hapo ndipo dizeli kidogo na brashi ya waya vinapofanya kazi kuliko kitabu chochote. Tope jekundu na mafuta yaliyoganda vikishasuguliwa, huonekana kama mauntini, yaani vikalio vya mpira vinavyoibeba injini, vimefungwa kwenye mabano ya kiwandani au kwenye vipande vya chuma vilivyochomelewa baadaye. Kati ya injini na giaboksi huweza kuwamo sahani nene ya kuunganishia aina mbili zisizolingana, na sahani hiyo ikiisukuma giaboksi nyuma, hata kwa sentimita chache, propela ya nyuma hukatwa na kuungwa upya, ikabaki na pete ya weldi isiyokuwapo kiwandani. Weldi hiyo ni ya kuchunguzwa kwa makini, kwani propela isiyosawazishwa hutetemeka mwendo unapokolea, na mmiliki asiyeijua sababu huweza kutumia fedha nyingi kwenye mauntini na klachi bila kupata nafuu.

Kusoma kazi ya fundi kwa mabaki yake si elimu ngeni Ufipa. Matanuru marefu ya udongo yaitwayo malungu, ambamo Wafipa waliyeyusha chuma chao, yamechunguzwa na wanaakiolojia, akiwamo Bertram Mapunda, wakati huo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye kwa kulinganisha mabaki ya matanuru, takataka za chuma na mabomba ya udongo ya kupitishia hewa alitofautisha mbinu za vizazi mbalimbali vya wafua chuma bila kuwakuta wenyewe.

Miongoni mwa mabadiliko yote, linalostahili kutazamwa kwanza ni lile linalogusa breki. Injini ya petroli, inapovuta hewa kupitia kabureta, hutengeneza mvuto ndani ya manifoldi, na mvuto huo hupelekwa kwa bomba hadi kwenye servo, chombo cha duara kilicho mbele ya pedali ya breki kinachouongezea nguvu mguu wa dereva. Injini ya dizeli haina mvuto wa kutosha wa namna hiyo, na ndiyo maana dizeli za Toyota kama 3B na 2H hufungwa pampu ndogo ya kuvuta hewa mgongoni mwa alteneta. Gari lililozaliwa la petroli likawekewa dizeli halafu alteneta ikabadilishwa kwa ile isiyo na pampu litawaka, litachaji betri na litapanda vilima, huku breki zake zikibaki nzito kama jiwe. Na kasoro hiyo, ambayo katika mitaa tambarare ya Sumbawanga huvumilika, huwa hatari ya kufa kwenye barabara inayoteremka kutoka Ntendo kwenda Muze, ukingoni mwa Bonde la Rukwa. Kipimo chake hakihitaji chombo: injini ikiwa imezimwa, pedali hukanyagwa mara kadhaa mpaka iwe ngumu, kisha mguu huachwa juu yake na injini huwashwa, na servo ikiwa hai pedali huzama kidogo yenyewe. Isipozama, bomba hufuatwa kwa mkono hadi mwisho wake.

Mabadiliko ya ndani hayasomeki mpaka silinda hedi ifunguliwe. Silinda zilizolika hubolewa, yaani hupanuliwa kwa mashine, kisha hupewa pistoni kubwa zaidi, ambazo kichwani huwa zimegongwa kipimo, kwa mfano 0.50, maana yake nusu milimita juu ya saizi ya asili. Injini ya 2H, ambayo silinda zake zina kipenyo cha milimita 91 na ujazo wa sentimita 3,980, ikibolewa nusu milimita hufikia takribani 4,024. Ongezeko la nguvu ni dogo mno. Kilicho cha thamani katika namba hiyo ni kujua injini imekwisha kubolewa mara ngapi na imebakiwa na chuma kiasi gani kabla ya kuhitaji sliivu, ganda jipya la silinda.

Yapo pia mabadiliko yanayotokana na mahali penyewe. Sumbawanga iko mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ni kama asilimia 80 tu ya ile ya pwani, na kwa hiyo kabureta iliyorekebishwa Dar es Salaam humimina petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, plagi zikawa nyeusi na moshi ukazidi. Fundi mwenyeji huweka jeti ndogo zaidi, yaani vile vitundu vya shaba vinavyopima petroli. Kwenye dizeli, lakiri ya skurubu ya pampu ikiwa imekatwa, kuna aliyeongeza mafuta kutafuta nguvu, jambo ambalo mwinuko huu hauliungi mkono, kwani dizeli bila hewa huzaa moshi na joto tu. Hata kipimo cha geji ya mgandamizo wa silinda hubadilika: pale ambapo kitabu kinataja bari 30, injini nzima ikipimwa Sumbawanga itasoma karibu 24, na injini njema imewahi kuvunjwa kwa kutoujua ukweli huo. Gari hilohilo la petroli likiteremka Bonde la Rukwa, kwenye mita zipatazo 800, jeti ndogo hutoa petroli pungufu kwa hewa nzito ya kule, na injini huchemka. Ndiyo sababu mnunuzi hupaswa kumuuliza muuzaji jeti za awali ziko wapi, na kuzihifadhi ndani ya gari pamoja na bisibisi ya kuzifungia.