Miche ya Tishu na Kondoo Dolly: Je, Ni Kitu Kimoja?



Katika kuzunguka vikundi huku Ndhiwa tumekuta ubishi mmoja unaorudi mara kwa mara. Wanachama wamechanga pesa za kununua miche ya migomba ya tishu, halafu mmoja anainuka na kusema hiyo miche ni kloni, ni kama yule kondoo wa Wazungu, na ati Kanisa limeikataza. Mkutano unavunjika, pesa zinabaki kwa mweka hazina na mvua inapita. Kikundi kimoja kilipoteza msimu mzima namna hiyo. Kwa hiyo tumeonelea tulieleze jambo hili, maana aliyesema ni kloni hakudanganya. Ni kloni kweli. Lakini hebu tuone kloni ni kitu gani.

Punje ya mahindi ina baba na mama. Chavua ya mhindi mmoja imeangukia mwingine, na ndiyo sababu ukipanda mbegu uliyojiwekea mwenyewe, mimea haitoki sawa yote. Kloni ni tofauti. Ina mzazi mmoja tu, nayo imerithi kila kitu cha mzazi huyo, kizuri na kibaya. Sasa jiulize: mihogo unapandaje? Unakata kijiti. Viazi vitamu, yaani rabuon, unapanda marando. Miwa unazika vipande. Hizo zote ni kloni! Mama zetu na nyanya zetu walifanya kazi hii kabla ya maabara yoyote kujengwa, na hakuna aliyewashtaki kwa padri.

Mgomba nao haupandwi kwa mbegu, bali kwa chipukizi lililong'olewa kwenye shina la mama. Shida ni kwamba chipukizi la jirani huja na wageni wake: fukusi, minyoo midogo ya mizizi, na ule mnyauko unaoitwa ugonjwa wa Panama. Kuanzia miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha JKUAT huko Juja na wa KARI, ambayo siku hizi ni KALRO, wamekuwa wakitoa miche kwa njia nyingine. Wanachukua ncha changa ya chipukizi lenye afya, wanaisafisha, wanaikatakata vipande vidogo sana na kuviweka kwenye chupa zenye chakula cha mmea. Vinaota, vinagawanywa tena na tena, na chipukizi moja linazaa mamia ya miche. Hakuna kitu kigeni kilichoingizwa ndani ya mmea huo. Ni mgomba ule ule, ila umeogeshwa.

Kwa wanyama hii maneno ni ngumu zaidi. Ukikata mkia wa ng'ombe hauoti ng'ombe. Kule Roslin, Scotland, walichukua seli ya kiwele cha kondoo mwenye miaka sita, na yai la kondoo mwingine ambalo lilikuwa limetolewa kiini chake. Wakaviunganisha kwa umeme, kisha mimba ikapandikizwa kwa kondoo wa tatu. Walijaribu mayai 277. Aliyezaliwa hai, tarehe 5 Julai 1996, alikuwa mmoja tu, Dolly. Alizaa watoto wake kwa njia ya kawaida, na mwaka 2003 aliuawa kwa dawa kwa sababu ya ugonjwa wa mapafu. (Wale mnaopandishia ng'ombe kwa AI msiogope. Hiyo si kloni, maana ndama ana baba, hata kama baba huyo hajawahi kuonekana kijijini.)

Msidhani ni mambo ya Ulaya tu. Hapa jirani, bonde la Lambwe na mbuga ya Ruma, kila mfugaji anajua mbung'o wanavyomaliza ng'ombe kwa nagana. Katika miaka ya 2010 watafiti wa ILRI, Nairobi, pamoja na wenzao wa Roslin, walipata ndama dume wa Boran kwa njia ya kloni, wakamwita Tumaini. Yeye mwenyewe hakuongezewa kitu. Alikuwa hatua ya kwanza tu. Nia yao ilikuwa baadaye kutia katika ng'ombe jeni ya nyani, kwa sababu damu ya nyani ina protini inayoua vijidudu vya malale na nagana. Hakuna ng'ombe wa namna hiyo anayeuzwa kwa mkulima. Atakayekuja sokoni kukuuzia "ndama wa kloni asiyeugua" ni mwongo, mfukuzeni. Mitego ya mbung'o na dawa ya kunyunyizia ndiyo kinga yetu.

Na binadamu? Hapa Kanisa limesema wazi, mwaka 1987 na tena 2008, kwamba kumkloni mtu ni kinyume cha heshima yake. Baraza la Umoja wa Mataifa nalo lilitoa tamko mwaka 2005 likizitaka nchi zipige marufuku. Fikirini yale majaribio 277 yangekuwa mimba za watu. Tena tumesikia mzazi aliyefiwa akiuliza kama mtoto wake angeweza kurudishwa hivyo. Hapana. Mtazameni Opiyo na Odongo, mapacha wa kufanana kabisa. Ni kloni wa asili, lakini kila mmoja ana roho yake na njia yake. Atakayezaliwa angekuwa mtoto mwingine aliyebebeshwa sura ya marehemu, na huo ni mzigo usiofaa kumtwika mtoto.

Kuhusu mimea na wanyama, Akademia ya Kipapa ya Uhai ilieleza mwaka 1997 kwamba utafiti huo una nafasi yake pale penye faida ya kweli, mradi mnyama asiteswe na aina nyingi za viumbe zisipotee.

Hilo la mwisho ndilo tunalotaka mlishike mnapotoa pesa. Kloni zote zina udhaifu mmoja. Miaka ya 1990 batobato ya mihogo ilitoka Uganda ikaingia Magharibi mwa Kenya, na vijiti tulivyogawiana kwa wema vilichangia kuieneza. Mche wa tishu huja msafi, lakini haukuchanjwa. Ukiuweka kwenye shimo la mgomba uliokufa kwa Panama, nao unaweza kufa. Mnyauko wa bakteria, ulioonekana Kenya mwaka 2006, hauchagui aina yoyote ya mgomba, na panga chafu huupeleka shamba hadi shamba. Pitisheni panga motoni au kwenye jiki kabla ya kuhamia mgomba mwingine.

Muuzaji aulizwe miche imetoka maabara gani na ni aina gani. Akibabaika, rudini na pesa zenu. Nunueni aina mbili au tatu, si moja. Shimo liwe futi 3 kwa 3, kina futi 2, na samadi debe moja au mawili. Na kabla ya yote, amueni nani atateka maji kiangazi, kwani mche huu mchanga una kiu kuliko chipukizi mlilozoea, na mahali tulipouona umekauka, mara nyingi kila mwanachama alidhani ni zamu ya mwenzake.