Kiwiko si injini

Wiki iliyopita nimeulizwa tena. Safari hii ni mama mmoja mzaliwa wa Uvira, anayeishi hapa Louisville, Kentucky. Mwanawe wa miaka 16 anacheza besiboli shuleni. Alimkalisha kijana kwenye kitanda changu cha mazoezi ya viungo, akamkunjia mkono wa fulana mpaka begani, akaniambia: "Dokta, huyu hana ugonjwa. Anarusha maili 84 kwa saa, na wakubwa wanataka 90. Tuonyeshe hospitali wamfanyie ile operesheni ya kiwiko apate kasi."

Swali hili nimelijibu mlangoni pa kliniki, kanisani, msikitini kwenye futari, na kwa simu kutoka Kampala. Leo naliandika, ili atakayeuliza tena nimpe karatasi hii.

Najua linatoka wapi. Tangu Pittsburgh Pirates ilipomsajili David Matoma, mrushaji kijana kutoka Uganda, hata watu wasiowahi kuvaa glavu wanafuatilia ligi ndogo za Marekani. Swali lao la kwanza ni moja: anarusha maili ngapi? La pili: kama anarusha maili 98, mbona hawampandishi? Kisha linakuja la tatu, hili la kisu.

Operesheni yenyewe inaitwa Tommy John, kwa jina la mrushaji wa Los Angeles Dodgers aliyefanyiwa kwa mara ya kwanza tarehe 25 Septemba 1974. Ligamenti ya upande wa ndani wa kiwiko chake cha kushoto ilikuwa imekatika. Daktari Frank Jobe alichukua kano kutoka mkono wake wa kulia, akaipitisha kwenye matundu aliyoyatoboa mfupani, ikakaa mahali pa ligamenti iliyokufa. Alimwambia mgonjwa wake kwamba nafasi ya kurudi uwanjani ni 1 kati ya 100. John alikosa msimu mzima wa 1975, akarudi 1976, akacheza hadi 1989 na kushinda mechi 164 nyingine. Hadithi imeanzia hapo, na watu wameikuza mpaka haitambuliki. John hakuwa mrushaji wa kasi kabla ya kisu, na hakuwa baada yake. Silaha yake ilikuwa mpira unaozama miguuni pa mpigaji.

Mwaka 2012 madaktari wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walichapisha majibu ya wachezaji, makocha na wazazi kuhusu operesheni hii. Wachezaji wa sekondari 51% waliona ifanywe hata kwa mtu asiyeumia, ili kuongeza uwezo. Wazazi waliokubali walikuwa 37%. Mzazi mmoja kati ya watatu yuko tayari kumpeleka mtoto mzima akachanwe! Kila nikizikumbuka namba hizi, nakasirika upya.

Sasa tuelewane. Ligamenti haisukumi mpira. Kazi yake ni kushika mfupa wa mkono wa juu na wa mkono wa chini isiachane mkono unapopinduka nyuma na kurudi mbele. Fikiria jahazi. Mwendo ni wa upepo na tanga. Kamba inashika mlingoti usianguke. Ukifunga kamba mpya pepo hazitaongezeka. Upepo wa mrushaji unatoka miguuni, unapita nyonga na kiwiliwili, unafika begani, na kiwiko kinaupokea ukiwa tayari mkali. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba ligamenti hii ikiwa peke yake hukatika kwa nguvu iliyo karibu sana na ile inayoibana kila mpira wa kasi unaporushwa. Kinachoiokoa ni misuli ya mkono inayoibebea sehemu ya mzigo. Misuli ikichoka, mzigo wote unaiangukia kamba.

"Lakini mbona fulani alirudi na kasi zaidi?" Linganisha vizuri. Kabla ya kukatwa, fulani alikuwa amerusha kwa miezi kadhaa na ligamenti inayochanika kidogo kidogo, kasi ikishuka bila yeye kusema. Baada ya hapo akakaa mwaka mzima, miezi 12 hadi 18 wengine, bila mechi. Akalala vizuri, akala, akajenga mapaja na mgongo chini ya macho ya mtaalamu, na kama alikuwa na miaka 17, akaongezeka urefu na uzito. Mazoezi hayo yote angeweza kuyafanya bila kutobolewa mfupa. Hunter Greene wa Cincinnati Reds ndiye ninayetajiwa kila mara, kwa kuwa alipitia ligi ndogo hapa Louisville kabla ya kupanda ligi kuu Aprili 2022, na alikatwa mwaka 2019. Basi sikilizeni: Greene alirusha maili 102 akiwa mwanafunzi wa sekondari. Kasi ilikuwa yake kabla daktari hajagusa kiwiko.

Kati ya wanaokatwa kwa sababu ya kuumia, takriban 8 kati ya 10 hurudi kwenye kiwango chao. Kwa aliyeumia ni baraka. Kwa mtoto mzima, ni kubahatisha asiwe mmoja wa hao wawili waliobaki, na hakuna zawadi upande wa pili.

Kuhusu kupandishwa, kasi peke yake haijawahi kumpandisha mtu na kumwacha huko. Steve Dalkowski alitumikia ligi ndogo za Baltimore Orioles kuanzia 1957, na wazee waliomwona wanaapa hakuna aliyemzidi kasi. Mwaka 1960, akiwa Stockton, California, aliwatoa wapigaji 262 kwa straiki tatu, na wengine 262 akawapa njia ya bure kwa kukosa shabaha. Hakucheza ligi kuu hata siku moja. Tyler Kolek alichaguliwa wa pili nchi nzima mwaka 2014 kwa kuwa alivuka maili 100 akiwa sekondari Texas. Kiwiko chake kikafanyiwa Tommy John mwaka 2016. Ligi kuu naye hakuiona. Upande mwingine yupo Paul Skenes: alichaguliwa wa kwanza mwaka 2023, maili 100 anazo, na bado Pirates ilimwanzisha mechi saba za ligi ndogo Indianapolis ikimhesabia mipira, ndipo ikamwita Mei 2024. Kwa mtoto wetu Matoma tunadai haraka ambayo hata Skenes hakupewa.

Na tochi, kile kifaa kama cha trafiki kinachoelekezwa kwa kila kijana anayepanda kichuguu cha kurushia, kina madhara. Wastani wa mpira wa kasi kwenye ligi kuu ulikuwa maili 91.3 mwaka 2008. Mwaka 2024 ukafika 94.2. Warushaji waliingizwa kwenye orodha ya majeruhi mara 212 mwaka 2005, na mara 485 mwaka 2024. Ligi yenyewe imeyachapa hayo kwenye ripoti yake ya Desemba 2024, na wataalamu iliowahoji waliitaja kiu ya kasi miongoni mwa sababu kuu.

Narudi kwa kijana wa yule mama wa Uvira. Nilibonyeza kwa kidole gumba upande wa ndani wa kiwiko chake, chini kidogo ya kinundu cha mfupa. Akauvuta mkono kabla hajajizuia, kisha akamtazama mama yake. Anachezea timu ngapi? Mbili, ya shule na ya klabu. Mwaka jana alipumzika lini? Mama akafikiri, akasema, "Krismasi."

Ya kufanya, upesi. Miaka 11 na 12, mwisho mipira 85 kwa siku. 13 hadi 16, mwisho 95. 17 na 18, mwisho 105. Huo ni mwongozo wa Pitch Smart, na siku za kupumzika zimeandikwa humo humo, zifuateni. Miezi minne kwa mwaka bila kurusha kwenye mechi. Timu moja kwa msimu. Asirushe na kudaka siku moja. Akichoka, atoke. Utafiti umeonyesha kwamba vijana wanaorusha mara kwa mara wakiwa wamechoka hufikia kisu mara 36 zaidi ya wenzao. Ligamenti ikichanika nusu, anza na mapumziko na mazoezi. Ikikatika kabisa na kijana anataka kuendelea kurusha, hapo ndipo pa daktari wa upasuaji.

Na ukifuatilia kijana wa ligi ndogo, acha tochi. Tazama ametoa wangapi na amewapa wangapi njia ya bure, kama ana mpira wa pili na wa tatu anaouamini, kama shabaha yake imevuka salama kutoka Single-A mpaka Double-A, ambako wapigaji hawakimbilii kila kitu, na kama jina lake limetoweka ghafla kwenye ratiba kwa wiki mbili.

Kijana nimempa wiki sita bila kugusa mpira, na apigwe picha ya MRI. Anarudi Jumanne. Kama kiwiko kimetulia, tutaanza na miguu.