Butembo na Beni: kufundisha sayansi bila maabara, inawezekana namna gani?

Mwalimu anaandika neno « amidon » ubaoni. Wanafunzi wanakopi kwenye kaye, kimya. Asubuhi wengi wao walikula muhogo, ni kusema amidon iko tele tumboni mwao, lakini kwao ni neno la Kifaransa la kukariri tu mpaka siku ya mtihani. Hiyo njo shida ya masomo mengi huku Vulamba: maabara hakuna, na vitabu havitoshi. Tangu Septemba 2019, serikali ilipotangaza elimu ya bure katika shule za msingi za umma, watoto wameongezeka darasani kuliko mabenchi.

Hata hivyo, vifaa vingine viko sokoni na shambani.

Kwa somo la amidon, inatosha dawa ya vidonda yenye iyode, ile ya famasi. Matone machache juu ya kipande cha muhogo ao kiazi: rangi ya kahawia inageuka bluu nyeusi. Juu ya chumvi, haigeuki. Kipande chenye iyode kisiliwe, kitupwe.

Kwa somo la asidi, ganda la yai linawekwa ndani ya maji ya limau. Mapovu yanayotoka ni gesi karbonike, ile ile mtu anayotoa akipumua.

Huko Beni, mtoto wa mkulima wa kakao ameona mengi zaidi. Mbegu mbichi zikifunikwa siku 5 hadi 7, zinapata moto hadi karibu digrii 50. Hakuna mtu aliyewasha moto: vijidudu vinageuza sukari kuwa pombe, kisha pombe kuwa asidi. Somo zima la fermantasyo liko pale nyumbani.

Lakini kifaa peke yake hakiamshi darasa. Mwalimu akionyesha na kutoa jibu hapo hapo, wanafunzi watakopi tena. Afazali aulize kwanza: « Munazani itakuwa nini? » Kila kikundi kiandike wazo lake, kisha kijaribu, kisha kieleze juu ya nini kilikosea. Wabishane kwa Kiswahili ao Kinande. Maneno ya Kifaransa, yanayohitajika kwa Exetat, yafuate nyuma.

Faida yake haiishi kwenye pointi. Kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, Ebola iliua watu 2 287, wengi wao Kivu ya Kaskazini. Wakati ule watu wengi waliambiwa wanawe mikono kwa maji ya klore, na wengi walikataa kuamini. Mtoto aliyezoea kuuliza, kujaribu na kuona kwa macho yake, hadanganywi haraka na uvumi.

Kwa hiyo mzazi, mtoto akiomba limau moja ya kupeleka shuleni, asimfukuze. Pengine njo maabara yake ya kwanza.