Mlinzi wa Ghala Naye Ana Mgao Wake: Je, Paka Apewe Nyama Mbichi?

Katika kila kambi ya jeshi na kila kituo cha polisi chenye ghala la chakula, yuko mlinzi mmoja asiyevaa sare, asiyepokea mshahara, wala kuandikwa katika daftari la zamu. Mlinzi huyo ni paka. Wahenga walinena kwamba paka akiondoka, panya hutawala. Na yeyote aliyewahi kulikuta gunia la unga wa posho limetobolewa, na kinyesi cha panya kimetapakaa ndani yake, atakubaliana nao bila ubishi.

Hata hivyo, ni wachache miongoni mwetu wanaojiuliza mlinzi huyo anakula nini. Mimi mwenyewe nilifunzwa jambo hili kwa njia ya masikitiko. Muda mfupi baada ya kuhitimu mafunzo ya ukadeti, nilipangwa katika kikosi kimoja ambacho mpishi wake alimpenda mno mtoto wa paka aliyezaliwa nyuma ya ghala. Kila alipokata nyama ya askari, alimtengea kipande cha mnofu safi, usio na mfupa, akamlisha kikiwa kibichi. Haikupita miezi mitatu, mnyama yule akaanza kuchechemea. Miguu yake ikapinda, naye akawa analia kila alipoguswa mgongoni. Daktari wa mifugo aliyeitwa aliuliza swali moja tu: "Anakula nini?" Tulipomjibu kwa fahari kwamba anakula nyama tupu, alitikisa kichwa na kusema kuwa tulikuwa tukimuua kwa ukarimu.

Ni kweli kwamba paka ni mla nyama kwa maumbile, wala hawezi kuishi kwa posho na maharage kama sisi. Mwili wake unahitaji taurini, ambayo hupatikana katika nyama na samaki. Mwaka 1975 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba paka anayeikosa huharibika macho hata kupofuka, na mwaka 1987 ikadhihirika kwamba moyo wake pia hutanuka na kudhoofika. Basi anayemwachia paka makombo ya posho peke yake anamdhulumu.

Lakini mnofu mtupu nao hautoshi. Katika nyama isiyo na mfupa, fosforasi huzidi kalsiamu yapata mara 15 hadi 20, ilhali mwili wa paka unahitaji viwili hivyo kwa viwango vinavyokaribiana. Mwili ukikosa kalsiamu chakulani, huichota mifupani. Hilo ndilo lililompata yule mtoto wa paka.

Huenda msomaji akauliza: mbona paka wa mwituni hula vibichi? Jawabu ni kwamba paka wa mwituni hula panya mzima, pamoja na mifupa, ini, moyo na damu, tena mara baada ya kumuua. Nyama ya buchani imeshikwa na mikono mingi, imetuliwa na nzi na kukaa katika joto kwa saa kadhaa. Humo huzaliana bakteria kama salmonela, ambao paka aweza kuwabeba bila kuugua, akawaeneza jikoni na katika nyumba za familia. Hata jokofu haliwamalizi, kwa kuwa baridi huwazubaisha tu.

Yako pia magonjwa mazito zaidi. Mwaka 2004, katika bustani moja ya chui milia nchini Thailand, wanyama 147 kati ya 441 walikufa au kuuawa baada ya mafua ya ndege kuingia kwa njia ya nyama mbichi ya kuku. Mwezi Machi 2024, katika shamba moja la ng'ombe wa maziwa huko Texas, Marekani, paka walionyweshwa maziwa mabichi ya ng'ombe wenye virusi vya mafua hayo waliugua, na zaidi ya nusu yao wakafa. Moto wa jiko ungalitosha kuviua virusi hivyo.

Na sasa tuziangalie nyumba zetu wenyewe. Paka akila panya au nyama mbichi yenye kimelea kiitwacho toksoplasma, aweza kutoa vijiyai vya kimelea hicho katika kinyesi chake kwa muda wa wiki moja hadi tatu. Mama mjamzito akiambukizwa kwa mara ya kwanza, mimba yaweza kuharibika, au mtoto akazaliwa na madhara ya macho na ubongo. Mtu mwenye upungufu wa kinga naye yumo hatarini. Lakini tusimfukuze paka kwa hofu, maana binadamu wengi huambukizwa kwa kula nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa. Isitoshe, vijiyai hivyo huhitaji siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza. Kwa hiyo kinyesi kikiondolewa kila siku, hatari hupungua sana.

Wapo wasemao kwamba moto huua ubora wa nyama. Wazo hilo lilipata nguvu kutokana na majaribio ya Dk. Francis Pottenger huko California kati ya mwaka 1932 na 1942, ambapo paka waliolishwa nyama iliyopikwa walidhoofika. Wakati huo haikujulikana bado kwamba paka wanahitaji taurini. Leo twajua kwamba nyama ikichemshwa, sehemu ya taurini huhamia katika maji. Basi dawa si kuikimbia sufuria, bali ni kutoumwaga mchuzi.

Kwa hiyo, ndugu wapiganaji na maafande, tuyashike haya. Kwanza, nyama ya paka ichemshwe hadi iive, naye apewe pamoja na mchuzi wake, bila chumvi, kitunguu wala kitunguu saumu, kwani vitunguu huharibu damu yake. Pili, aongezewe dagaa waliochemshwa wakiwa wazima, maana mifupa yao laini humpa kalsiamu. Wasiwe wabichi, kwani baadhi ya samaki wabichi huharibu vitamini B1. Tatu, moyo wa ng'ombe unafaa sana, bali ini liwe kidogo tu, mara moja kwa wiki. Nne, asipewe mifupa iliyopikwa ya kuku au ng'ombe, kwa sababu hupasuka na kuchoma utumbo. Tano, kinyesi kiondolewe kila siku na mtu asiye mjamzito, kisha anawe kwa sabuni. Mwisho, paka achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa, na daktari wa mifugo aulizwe mapema.

Yule mtoto wa paka hakufa. Mpishi alibadilisha mgao kama alivyoagizwa, na baada ya majuma kadhaa mnyama akasimama tena. Miguu yake ilibaki na kombo kidogo, lakini nilipohamishwa kutoka kikosi kile nilimwacha amelala juu ya magunia, na hapakuwa na gunia hata moja lililotobolewa.